Ndevu za Shikanga

Ndugu yangu Shikanga hana ndevu. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo hutaelewa lolote katika haya nitakayosimulia, na aliyeniruhusu kuyasimulia ni mke wake mwenyewe, Pascalia, kwa hiyo asije mtu wa kwetu Shinyalu kuniuliza nimetumwa na nani.

Baba yetu alikuwa na ndevu. Babu alikuwa nazo hadi kifuani. Hata mimi Edah, mwanamke niliyezeekea kwenye cherehani, nina unywele mmoja mkaidi chini ya mdomo ambao naung'oa nikikumbuka. Shikanga alipofika umri wa kuota ndevu alisubiri, akapaka mafuta, akanyoa mahali pasipo na kitu ili ziote kwa hasira, akasubiri tena. Hazikuja. Sasa ni mtu mzima, dereva wa trekta kule Mumias, anavuta trela za miwa kutoka mashambani hadi kwenye mizani, na kidevu chake kingali laini kama yai. Madereva wenzake humwita Mtoto wa Shule. Hucheka nao, lakini mimi niliyemlea namjua. Akicheka hivyo, moyoni ameumia.

Basi mtu kama huyo akaoa mwanamke mzuri. Pascalia alitoka Lugari, mrefu, mwenye mabega ya kazi na sauti ya kanisani ambayo mapadre hugeuka kuitazama inatoka wapi. Anachuma chai kwenye kijishamba chao, analima mahindi na maharagwe, na kazi ya shamba haimshindi. Shikanga alimpenda hadi akawa mgonjwa. Msimu wa miwa hulala Mumias na kurudi Jumamosi, na wiki nzima kule hukaa akijiuliza nani anamsalimia mke wake. Alimwonea wivu kijana anayepima majani ya chai. Alimwonea wivu mwalimu wa kwaya, mzee asiyekuwa na meno ya mbele. Siku moja alimwonea wivu mtangazaji wa redio, kwa sababu alimsikia Pascalia akicheka peke yake jikoni. Nilimwambia, "Wewe sasa utaanza kumchunga kuku asimwangalie." Nadhani alikuwa amekwisha kulifikiria.

Ila kulikuwa na mambo, siwezi kukataa. Pascalia alikuwa na leso ambayo haikumtoka shingoni, mvua au jua. Aliizungusha hadi chini ya mdomo, akasema ni koo, upepo wa msituni unamwingia. Aliamka kabla ya mumewe na kujifungia bafuni, kile kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Na hakutaka kushikwa uso. Shikanga akinyoosha mkono, yeye huukwepa na kusema, "Toa mkono wako huko, unanuka dizeli." Kwa mume wa kawaida hayo ni maringo tu. Kwa Shikanga yalikuwa kesi iliyokosa ushahidi.

Ushahidi akaupata siku trekta ilipomharibikia, akafika nyumbani bila kutarajiwa. Pascalia alikuwa shambani. Shikanga akaingia bafuni kunawa grisi, na pale juu ambapo bati linakutana na mbao akaona wembe umechomekwa. Akauchomoa. Ulikuwa na povu lililokauka, na ndani ya povu kulikuwa na vinywele vifupi, vyeusi, vigumu. Akajishika kidevu. Yeye hana wembe, tangu ujana hajaushika.

Hakumngoja mkewe. Alikuja moja kwa moja kwangu Shirere, pembeni mwa mji wa Kakamega, ambako nashona sare za shule, akaketi kwenye kiti cha wateja na kufungua kipande cha gazeti juu ya kitambaa changu cha kijani.

"Dada, angalia."

"Ni wembe. Toa hapo, utachafua sketi ya mtoto wa watu."

"Angalia vizuri."

Nikaangalia. Nikasema pengine ni nywele za kwapa, wanawake tunanyoa.

"Dada, mimi sijui kwapa za bibi yangu? Hizi ni ndevu. Mimi huwanga kule Mumias nakula vumbi ya miwa wiki nzima, kumbe kuna mwanaume anaoga kwangu, ananyoa kwangu, anaacha wembe kama mwenye nyumba! Mwanaume mzima!"

Hilo neno la mwisho alilitamka akijishika kidevu tena. Nikaona kwamba wivu wake ulikuwa na meno mawili. Jino moja liliuma kwa sababu mtu amemchukulia mke. Jino la pili liliuma kwa sababu mtu huyo, yeyote aliye, ana ndevu. Na ukiniuliza mimi, la pili lilizama zaidi.

Kuanzia hapo ndugu yangu akawa mkaguzi wa videvu. Jumapili alisimama mlangoni pa kanisa akisalimia wanaume, anashika mkono wa mtu na kuung'ang'ania huku macho yake yakiwa chini ya mdomo wake. Huyu zake ni za rangi ya kutu, si yeye. Huyu zake zimeingia mvi. Mwishowe akamfikia Philemon, mwenye bodaboda, ambaye ndevu zake zilikuwa nyeusi na nene hadi kofia ya pikipiki ilikuwa haimfungi vizuri. Na Philemon ndiye aliyekuwa akimpeleka Pascalia Kakamega mjini kila mara, safari ambazo Pascalia alisema ni za kununua uzi.

Masikini Philemon. Wiki iliyofuata akapata upele kidevuni, mkewe akamnyoa zote zikaisha. Alipopita barabarani na uso mweupe, Shikanga alinipigia simu. "Ameficha ushahidi, dada! Ameenda kunyoa!" Nikamwambia kwamba akiwa na ndevu ni yeye, akinyoa pia ni yeye, sasa mtu wa watu afanye nini? Akakata simu.

Halafu akapata tembe. Zilikuwa ndani ya mkebe wa majani ya chai, tembe za kupanga uzazi, zimeshaanza kuliwa. Hapo sikucheka. Walikuwa hawana mtoto, na kila mwaka mama zetu wadogo walikuwa wakimtazama Pascalia tumboni kabla ya kumtazama usoni. Ndugu yangu aliniambia taratibu, bila kelele, na ndipo nikaogopa: "Mtoto wangu anamkataa kwa tembe. Jumapili ijayo nimeita wazee. Nimeita na kaka yake wa Lugari. Wamchukue." Akaniomba jambo moja tu, nimfuate siku atakapokuja mjini, nimwone huyo mwanaume kwa macho yangu.

Nikamfuata. Nilikuwa nimeandaa maneno, na mimi nikiandaa maneno huwa yanatosha. Philemon alimteremsha karibu na soko, akageuza pikipiki na kwenda zake bila hata kuangalia nyuma. Pascalia akapanda hadi kwenye kliniki moja ya wanawake, akaketi kwenye benchi. Nikaenda nikaketi kando yake, puu.

Hakushtuka. Alinitazama kama mtu aliyechoka kubeba kuni.

"Mulamwa," akasema, maana ndivyo tunavyoitana sisi mashemeji, "umetumwa."

"Nimetumwa. Na wewe unakujanga huku kwa nani?"

Jina lake likaitwa. Akanishika mkono akanivuta naye ndani. "Njoo ujionee. Mimi nimechoka."

Daktari Cheruiyot ni mwanaume mwembamba anayeongea polepole. Alifunga mlango, akanawa mikono, na Pascalia akafungua leso.

Zilikuwa ndevu. Sitatafuta neno jingine. Alikuwa ameambiwa asinyoe siku chache kabla ya kuja, ili daktari aone zinavyoota, na zilikuwa zimeota kidevuni na kushuka shingoni, nyeusi, ngumu. Katikati yake kulikuwa na makovu ya krimu aliyouziwa sokoni, iliyomchoma ngozi ikaacha nywele zimesimama palepale. Nilitaka kuangalia pembeni. Nikajizuia, kwa sababu niliona anangoja niangalie pembeni.

Daktari akamshika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mimi nikaropoka, kama kawaida yangu. "Daktari, amerogwa?"

"Hapana, mama. Kila mwanamke ana homoni za kiume kidogo mwilini. Wewe unazo, hata nyanya yako alikuwa nazo. Za Pascalia zimezidi. Ovari zake, pale mayai yanapokaa, zinatengeneza nyingi kuliko inavyotakiwa. Ndiyo maana nywele zinaota pale zinapoota kwa wanaume. Ndiyo maana hedhi inaruka miezi, na mimba imechelewa. Mtu anadhani ana shida tatu, kumbe ni moja. Tumempima damu, tumempiga picha ya tumbo, hana uvimbe wa kuogopesha. Ni jambo la kawaida. Wengi wanalo, ila wanajifungia bafuni."

Nikauliza habari ya tembe.

"Hizi hapa sio za kuzuia mtoto tu. Zinashusha hizo homoni. Na hii ndogo nyingine inazuia homoni isifike kwenye mizizi ya nywele. Lakini hiyo ya pili haitumiwi na mwenye kutafuta mimba, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo tembe za uzazi zinamlinda pia. Itachukua kama nusu mwaka kabla hajaona tofauti. Nywele zilizokwisha kuota hazitadondoka zenyewe, lakini zinazokuja zitakuwa laini na za polepole. Aendelee kunyoa. Kunyoa hakuzifanyi ziwe nene, hayo ni maneno ya watu. Baadaye tutaacha hizi dawa, tumpe za kuamsha mayai. Nilimuuliza aanze na nini, mtoto au uso. Akachagua uso."

Nilimgeukia Pascalia. Akafunga leso yake.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, nikamwambia yote. Wembe, Philemon, mkebe wa chai, wazee wa Jumapili. Alinisikiliza akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Nilidhani atalia, nikawa nimeshatoa leso yangu mfukoni.

"Wembe ni yeye aliuchukua?" akauliza. "Mimi nilifikiri ni panya."

"Basi twende tumwambie leo! Nampigia simu sasa hivi."

"Mulamwa, ukimwambia sitakuongelesha tena mpaka nife. Wacha aniite malaya. Malaya wako wengi, watu wanazoeanga. Lakini mwanamke wa ndevu, watu watakuja na watoto wao kuniangalia. Na yeye, vile anachekwa kule Mumias? Wakisikia kwamba ndevu za nyumba yake ziko kwa bibi? Ataniangalia aje?"

Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia ndugu yangu na wivu wake wa kipumbavu, na nikamkasirikia huyo muuza krimu popote alipo. "Na Philemon je? Ana bibi, ana nyumba. Utakubali avunjiwe nyumba kwa sababu ya kidevu chako?"

Kisha akafungua mkoba, akatoa wembe mpya uliokuwa bado kwenye karatasi yake, akautupa kwenye pipa la taka la kliniki.

"Sinyoi," akasema.

Jumamosi Shikanga alilala kwangu, alikataa kulala na msaliti. Jumapili baada ya misa tukaenda pamoja. Wazee walikuwa wameketi sebuleni, Mzee Shivachi, ndugu mkubwa wa marehemu baba, akiwa kwenye kiti kizuri. Kaka yake Pascalia alikuwa amekaa karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo. Philemon alikuwepo na uso wake wa upele, na mkewe kando yake akimeza mate ya hasira. Na Pascalia, mshtakiwa mwenyewe, alikuwa jikoni akiwapikia ingokho, kuku wetu wa kienyeji. Ndivyo ilivyo kwetu. Wanaokuja kukufukuza lazima wale kwanza, na ni wewe wa kuwapikia. Nikaenda kumsaidia, maana huko sebuleni ningetukana mtu.

Kupitia dirishani tulisikia gazeti likifunguliwa juu ya meza. Tulimsikia Shikanga akieleza, kila neno limejaa wivu, wembe, safari, tembe, na jinsi Philemon alivyokimbilia kunyoa. Philemon akaapa kwa mama yake. Mkewe akaanza kupiga kelele. Mzee Shivachi akagonga fimbo na kusema mwanamke aitwe ajibu.

Mimi ndiye niliyepeleka jibu. "Anasema mume wake aende kwanza. Peke yake."

Shikanga alikuja jikoni kwa hatua za mtu anayekwenda kupigana. Nikataka kutoka. Pascalia akasema, "Mulamwa, kaa," nikabaki kando ya sufuria. Yeye akafuta mikono, akasimama kwenye mwanga wa mlango, akafungua leso.

Ndugu yangu alitazama. Mdomo wake ulikuwa bado umeshika matusi aliyokuja nayo. Nilimwona akitafuta mwanaume kwenye ule uso na asimpate, anamwona mkewe tu.

"Huyu ndiye mwanaume wako," Pascalia akasema. "Anaoganga hapa kila asubuhi ukiwa umelala. Mimi niliogopa utaniacha kwa sababu ya ndevu zangu. Na wewe umeita wazee uniache kwa sababu ya hizo hizo."

"Na tembe?"

"Ni dawa yake. Daktari aliniuliza nianze na mtoto ama uso. Nikasema uso. Nilitaka kwanza niwe na uso wa kukuonyesha."

Nilingoja ndugu yangu aseme samahani. Nilingoja aanguke magotini. Lakini Shikanga ni Shikanga.

"Daktari," akasema. "Ni mwanaume?"

"Ndiyo."

"Alikushika hapo?"

"Alinishika."

Macho yakamjaa machozi pale pale. "Miaka yote hii," akasema, "mimi mume wako unaniambia nanuka dizeli. Mtu wa kliniki anakushika uso, mimi sijawahi."

Wallahi nilitaka kumpiga na mwiko. Lakini Pascalia alikuwa ameshamsogelea. Kisha akachukua ule mkono wenye harufu ya dizeli akauweka mwenyewe kidevuni pake. Mkono ukatulia pale. Ukapita polepole kwenye ndevu, kwenye makovu, hadi shingoni, na ndugu yangu alikuwa anaugusa ule uso kama mtu anayejaribu kitu alichonyimwa tangu utotoni. Sikuona chukizo usoni mwake, na nilikuwa nimesimama karibu vya kutosha kuliona. Mimi nikageukia sufuria, moshi ulikuwa umeniingia machoni.

"Kuna mwingine anajua?" akauliza.

"Daktari na dada yako."

"Basi watosha hao."

Akarudi sebuleni. Nikamfuata hadi mlangoni. Wote walikuwa wakimngoja, na ule wembe uko katikati ya meza. Shikanga akauchukua, akaukunja kwenye gazeti lake, akautia mfukoni.

"Wembe ni wangu," akasema. "Na hizo ndevu ni zangu."

Wote walimtazama kidevu. Mwanga wa dirisha ulikuwa unakipiga, kimetakata, hakina hata kivuli.

"Ndefu zako?" Mzee Shivachi akauliza, kwa ulimi wake wa Kiluhya unaogeuza ndevu kuwa ndefu. "Zimeota rini?"

"Ziliota tu, mzee. Nikanyoa. Nikasahau."

"Ukasahau kama una ndefu?"

"Nilisahau. Na hizo tembe tulikubaliana mimi na yeye, hizo pia nilisahau. Philemon, nisamehe, ndugu yangu. Kaka, rudi salama Lugari, dada yako haendi popote."

Mkewe Philemon ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani, akajaribu kukirudisha, kikakataa. Kisha Philemon, kisha kaka wa Lugari, kisha wazee wote, wakicheka hadi Mzee Shivachi akavua miwani. "Ndefu! Shikanga na ndefu!" Mtu akamuuliza kama anaziuza. Mwingine akataka kujua ni mafuta gani alitumia, naye akanunue. Ndugu yangu alisimama katikati yao, uso unamwaka, mtu ambaye neno moja tu la madereva lilikuwa linamkosesha usingizi, akawaacha wamcheke hadi washibe. Nilijua kwamba kesho habari itafika Mumias kabla yake. Naye alijua.

Pascalia akaingia na chakula, leso imefungwa vizuri. Aliweka obusuma, ugali wetu, akaweka mchuzi, akagawa sahani. Kwetu, wazee wakiwepo, firigisi ya kuku ni ya mkubwa wao, hata mtoto mdogo anajua, na Mzee Shivachi alikuwa ameshasogeza sahani yake mbele. Pascalia akampita. Akaenda hadi kwa mumewe aliyekuwa bado anachekwa, akapiga goti, akaiweka firigisi mbele yake.

Vicheko vikakatika. Mzee Shivachi akaangalia sahani yake, akamwangalia Shikanga, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutazama kidevu. Shikanga akaichukua ile firigisi kwa vidole vyake vya dizeli na kula polepole, mke wake akiwa bado amepiga goti pale, akimtazama akitafuna.